Vidole Vinane Kuzunguka Bwawa

Nina vidole vinane vya miguu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimeanzia kushoto, maana kushoto ndiko kwenye upungufu.

Naandika kwa ajili ya yule aliyeambiwa ana kisukari, akaambiwa atembee, na sasa amekaa kitandani anaiangalia miguu yake kama wageni wasiosema wataondoka lini. Habari za kongosho na damu waulize wenye koti jeupe. Mimi ni muuza viatu vya mtumba, Sumbawanga mjini, huu mwaka wa kumi na tisa. Ninachokijua ni miguu. Mteja akiwa bado hatua kumi kutoka kwenye meza yangu nimeshajua anavaa namba ngapi na atanisumbua kiasi gani. Viatu ndivyo vilivyonifundisha kuhesabu mara mbili: unahesabu vya kushoto, halafu vya kulia, na hesabu zikipishana, ujue leo kuna mtu utamwuzia maneno.

Sasa huyo mtaalamu wa miguu ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kwamba yake imezimika.

Hapa kwetu ganzi ina wa kumsingizia. Uwanda wa Ufipa mwezi wa sita hadi wa nane una upepo unaoshuka milima ya Mbizi kama umetumwa, na sokoni kila mtu analalamika vidole. Mimi nami nikalalamika pamoja nao. Nilihisi kama nimevaa soksi juu ya soksi, nikavua, nikakuta sijavaa hata moja. Nikasema baridi. Mwaka uliofuata nikasema tena baridi. Ikafika Desemba, mvua, mahindi yameota hadi kwenye mitaro, watu wanatembea kifua wazi, na soksi zangu zile zisizoonekana bado ninazo. Nikakosa wa kumsingizia. Hapo ndipo nilipokwenda hospitali.

Mashine ya kupima sukari ilisoma ishirini na mbili. Nikamwambia nesi arudie. Akarudia. Ishirini na mbili. Nesi huyo anaitwa Leokadia, mwanamke mfupi, sauti ya kufundishia kwaya. Alinikalisha, akaniambia punguza ugali, punguza sukari kwenye chai, punguza chumvi, punguza mawazo. Nikamwuliza kama kuna chochote ninachoweza kuongeza. Akasema, "Hatua. Ongeza hatua."

Siku hiyohiyo mteja mmoja kutoka Mpui alikuwa ananisubiri mezani. Alitaka buti za shambani, na hela yake haikufika, na kwenye mfuko wa salfeti alikuwa na kitoto cha mbwa, chekundu, masikio ya kukopa. Tukavutana. Aliondoka na buti, mimi nikabaki na mbwa. Nikamwita Punguza, kwa sababu ndilo neno pekee lililokuwa limebaki kichwani siku ile.

Siku za kliniki benchi huanza kujaa kabla jua halijapata nguvu. Ni benchi refu la mbao, limeng'arishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka mingi. Mmoja akiingia ndani, wote tunasogea makalio mamoja kwenda kulia. Nilikuwa nahesabu walio mbele yangu, halafu nahesabu tena, maana wapo wanaoacha kitenge wakaenda kunywa uji, na kitenge kile nacho kina foleni yake na kinaheshimiwa kuliko mtu. Hatukuzungumza sana. Mkisubiri pamoja miezi mingi mnajuana kwa migongo.

Nesi Leokadia ana kijiuzi cha plastiki, kigumu kama mshipi wa kuvulia samaki. Unafumba macho, anakugusa nacho nyayo, unasema "hapo" ukisikia. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Lakini mimi ni mtu wa sokoni, sikubali kushindwa mbele ya benchi zima. Nikafumbua jicho kidogo, nikawa naangalia bega lake. Bega likishuka nasema "hapo".

"Hapo," nikasema.

"Sijagusa, Mama Fide."

"Basi hapo."

"Nimeweka uzi mezani, mama yangu."

Akanigeuza niangalie ukutani. Alipomaliza aliandika kwenye kadi muda mrefu. Kisha akaniambia mambo matatu, nami nawaambia ninyi, hapa ndipo yalipo manufaa ya simulizi hii. Usitembee peku hata ndani. Kagua nyayo zako kila jioni kwa macho, maana taarifa haitakuja yenyewe. Na moto uwe mbali.

Yale mawili ya kwanza niliyasikia.

Ulikuwa mwezi wa saba, jioni, tumetoka kula. Mume wangu, Baba Fide, ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, akikupenda anakutengenezea kitu. Aliniona nimejikunja kwenye kiti, akaenda jikoni akaleta jiko la mkaa, akaliweka mbele yangu, akaona liko mbali, akalisogeza. Nikanyoosha miguu. Kila nyumba Sumbawanga saa ile ilikuwa inafanya hivyohivyo. Tukakaa. Yeye alikuwa anasikiliza taarifa ya habari redioni, mimi nilikuwa nahesabu kichwani viatu vilivyobaki kwenye robota la mtumba.

Punguza akaja, akanishika kandambili kwa meno akavuta. Nikamfukuza. Akarudi, akavuta tena huku analia puani. Nikampiga na ncha ya kitenge. Ndipo harufu iliponifikia, na nakumbuka vizuri nilichosema. Nilisema, "Jirani leo anachoma nyama."

Baba Fide aligeuka. Akaona kabla yangu.

Kandambili ilikuwa imeyeyuka pembeni na kushikana na kidole cha mwisho na jirani yake. Sikusikia maumivu. Mpaka leo sijayasikia. Watu huniuliza maumivu yalikuwaje na mimi huwa sina cha kuwapa. Nilikaa nikauangalia ule mguu kama bidhaa iliyoharibikia njiani, nikifikiri nani atabeba hasara.

Sikwenda hospitali kesho yake. Lilikuwa kosa langu la pili na nalisema wazi. Ulikuwa msimu wa mavuno, watu wameuza mahindi na ulezi, wanataka viatu. Nilipaka dawa ya dukani, nikafunga kitambaa, nikavaa soksi, nikakaa mezani siku tisa. Siku ya tisa mteja aliyeinama kujaribu kiatu aliinua uso, akaangalia huku na huku, akauliza kama kuna panya amefia chini ya meza. Nikamwambia naye apunguze maneno, achukue kiatu. Alipoondoka nikafunga meza.

Nesi Leokadia alinivua soksi, akanyamaza. Nesi wa kwaya akinyamaza ujue wimbo umekwisha.

Daktari alikuja, kijana mwenye macho ya mtu aliyelala kwa zamu. Aliviangalia vidole, vyeusi kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwaka.

"Mama, hivi viwili vinatoka. Na hiki cha tatu nakitilia shaka."

"Chukua kimoja," nikasema.

"Hapa si sokoni, mama."

"Kila mahali ni sokoni, daktari, tofauti ni bei kubandikwa au kutobandikwa. Kimoja, nitunze hiki cha pili, kikizidi nakuletea mwenyewe."

"Nikiacha cha pili, mwezi ujao tutazungumzia mguu."

"Viwili basi. Cha tatu kibaki."

Aliinama akakiangalia tena, akakibonyeza. "Cha tatu kibaki," akasema. "Kwa sasa."

"Na dole gumba usiguse."

"Dole gumba halina shida yoyote."

"Basi tumeelewana," nikasema, na nikaona nimefanya biashara nzuri. Baba Fide alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alitoka nje. Sikulia. Nilikuwa nasubiri kilio kama unavyosubiri mtu aliyesema yuko karibu kufika, na hakikufika, nikaacha kusubiri.

Kabla hawajaniruhusu kutoka, daktari alisema jambo moja ambalo ndilo lililoendesha mwaka wangu wote uliofuata. Alisema, "Safari hii tumezungumza vidole. Kidonda kingine kwenye mguu huu, tutazungumza hapa." Akaweka kiganja chake chini ya goti langu.

Kusafisha kidonda ilikuwa kila baada ya siku moja. Nilianza upepo ukiwa bado unavuma, nikaendelea watu wakichoma majani mashambani na milima ikiwa myeusi, nikaendelea mpaka mvua za kwanza zikaja na benchi likahamishwa upande usiovuja. Nilihesabu mara hamsini na nne. Nikahesabu kwenye kadi, hamsini na tatu. Moja sijui ilikwenda wapi. Kulikuwa na mama mmoja wa benchi, jina lake sikulijua, ambaye kila nilipofika alisogea bila kuulizwa ili nipate nafasi ya kunyoosha mguu. Siku moja sikumkuta. Nafasi ikajazwa na kitenge cha mtu mwingine. Sikuuliza.

Nyumbani jiko la mkaa lilitoweka. Baba Fide alilipeleka sijui wapi. Tulipika kwa kuni uani na tukakaa ndani na baridi yetu, tumejifunga mablanketi kama maiti wawili wanaosubiri gari. Hakugusia ule mguu. Alikuwa anauosha, anaukausha katikati ya vidole kama nesi alivyofundisha, lakini hakuuangalia usoni, kama mguu una uso. Mimi nami sikugusia. Sokoni nilikuwa nimeaga kwamba naenda Mbeya kumwuguza dada. Sina dada Mbeya. Lakini sokoni ukijulikana una upungufu, bei yako inashuka siku hiyohiyo, na mimi nimetumia miaka kumi na tisa kuipandisha.

Mwezi wa tatu, ngozi ilipokuwa imefunga vizuri, Nesi Leokadia akasema sasa nirudie hatua. Viatu vya kufunika, laini, namba moja zaidi. Hapo sikuhitaji msaada. Nilipekua marobota mawili nikapata raba nyeupe za mtu fulani wa Ulaya ambaye inaonekana naye aliambiwa atembee na hakutembea, maana soli ilikuwa mpya. Mbele upande wa kushoto nikajaza pamba.

Jioni ile Baba Fide akarudi kazini na kamba ya manila, mita tatu. Akamfunga Punguza shingoni fundo lisilokaba, akanikabidhi ncha nyingine. Akasema, "Asikuache."

Sasa nizungumze njia, maana naandika kwa aliyeambiwa atembee, mwenye mbwa na asiye na mbwa.

Mjini kwetu hatuna ziwa. Maziwa ya kweli yamegawanywa, Tanganyika unaliteremkia kule Kipili, Rukwa liko upande wa pili chini ya ukingo, sisi tumekaa juu katikati na bwawa letu. Linatosha. Ingia kwa wafyatua tofali, panda kwenye tuta, tembea na maji mkono wa kulia. Tuta limeshindiliwa, halina mashimo. Mwisho wa tuta kuna mfereji wa saruji wa kutolea maji. Uvuke asubuhi kukiwa kukavu, mvua ikinyesha rudi ulikotoka. Ng'ambo ya mfereji njia inaingia kwenye matete, hapo fupisha kamba, kuna mbuzi, na mbwa wako anajifanya hajawahi kuona mbuzi. Kisha unatokea kwenye misonobari iliyopandwa, na hapo ardhi ni laini kwa majani yaliyodondoka. Laini isikudanganye. Chini ya ule ulaini kuna miiba na vijiti, na wewe hutajulishwa. Tembea pale ambapo wengine wamekanyaga. Mzunguko mzima ni hatua elfu mbili mia tatu, au elfu mbili mia nne, hesabu zangu mbili hazijawahi kukubaliana. Ukijiona una nguvu unaweza kupanda mpaka ukingo wa msitu, lakini msitu wenyewe wa juu, ule wa asili, usiingie na mbwa. Ukikutwa humo na mbwa umekuja kuwinda, hakuna maelezo yatakayokutoa.

Kuhusu kamba: nilidhani naishika ili mbwa asikimbie. Wiki ya pili nikagundua vingine. Miguu yangu ilikuwa haileti habari, lakini mkono ulikuwa unasikia bado. Punguza akishuka, kamba inashuka. Akipita pembeni ya jiwe, kamba inaniambia pembeni. Nilikuwa nasoma ardhi kwa kiganja.

Kero ilikuwa watu. Ufipa mbwa hatembezwi. Mbwa analinda, analala, anajua mwenyewe pa kwenda. Ukimwona kwenye kamba ni siku moja tu, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo:

"Mama Fide, chanjo leo?"

"Hapana, tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Tunazunguka bwawa."

"Mkishazunguka?"

"Tunarudi."

"Sasa si mngebaki tu?"

Huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jirani yangu. Hospitali nimeificha, mguu sitautaja. Nikasema mbwa ana uzito mkubwa, ameambiwa afanye mazoezi. Habari hiyo ilifika sokoni kabla yangu.

Tulizunguka hivyo mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Mvua zikakatika. Mahindi yakakauka mashambani, upepo ukaanza tena kutumwa. Sukari ikashuka hadi nane, nikamwambia nesi arudie, ikawa nane. Sikufurahi hasa. Nilikuwa kama mtu aliyeletewa salamu za jirani wa zamani.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilipita kwa wafyatua tofali kama kawaida. Nilipofika katikati ya tuta nikasikia mbwa wanabweka nyuma. Nikageuka. Alikuwepo mwalimu mstaafu na mbwa wake mweupe amefungwa kwa mkanda wa suruali. Nyuma yake mama mwenye mbwa wawili kwa kamba moja. Nyuma yao vijana wa tofali na mbwa wao wa ulinzi. Nyuma kabisa mwanaume mrefu wa Kisukuma, wa wale wafugaji waliohamia kwetu kutoka kaskazini, fimbo begani, na mbwa watatu wa ng'ombe. Nikahesabu mbwa kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na wawili, mmoja alikuwa ameshatutangulia mbele.

Hakuna aliyeniuliza siku ile. Wa kwanza aliniona na kamba akasema safari hii ni chanjo kweli, akakimbia kuchukua wake. Aliyemwona huyo akakimbia kuchukua wake. Na kwa kuwa mimi naonekana najua ninakokwenda, wote wakanifuata.

"Daktari wa mifugo kakaa upande gani?" mwalimu akauliza, anahema.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Upande gani?"

"Hakuna daktari. Natembea."

"Hawa wote wanatembea?"

"Waulize. Mimi nimekuja na mmoja."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akatukana kidogo, mama wa mbwa wawili akasema ameacha ugali motoni. Ndipo kamba ikakaza mkononi mwangu. Punguza alikuwa amekaa chini. Nikamvuta, akagoma. Akaleta pua kwenye raba yangu ya kushoto, akanusa, akalia puani, akashika kamba ya kiatu kwa meno akavuta.

Mlio ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia mara moja tu, jioni, mbele ya jiko, na nilimpiga.

Nikasimama nikapiga hesabu. Kwenda nyumbani ni hatua elfu moja na zaidi. Nikifika nyumbani nitavua kiatu chumbani, mlango umefungwa, hakuna atakayejua kitu. Hatua elfu juu ya kitu nisichokijua. Nikahesabu upande wa pili: kiganja cha yule daktari chini ya goti. Watu walikuwa wananiangalia, watu walewale wanaonunua kwangu.

Nikakaa kwenye tuta, nikafungua kamba ya raba, nikavua.

Ulikuwa msumari wa bati. Ulikuwa umepita soli, umepita soksi, na soksi ilikuwa nyekundu upande wa kisigino. Nikavua na soksi. Kwanza waliangalia damu. Halafu niliona macho yao yanasogea kwenda mbele, kwenye vidole, na midomo inahesabu.

Hata mbwa walitulia, au ndivyo ninavyokumbuka.

"Mama, huumii?" mmoja wa vijana wa tofali akauliza.

"Sisikii."

"Hata kidogo?"

"Ningesikia ningekuwa na kumi."

Mwalimu akavua kofia. Yule mfugaji mrefu akachuchumaa mbele yangu, akaweka fimbo chini, akauangalia mguu kwa utulivu kama anavyoangalia kwato. Watu walimwita Baba Shija.

"Ilianzaje hii?" akauliza.

"Ganzi. Nikasema ni baridi."

"Mke wangu tangu mwaka jana hasikii miguu," akasema. "Anasema ni baridi. Anasema baridi ya huku si kama ya kwetu."

"Maji anakunywa sana?"

"Ndoo."

"Na jioni anaota moto?"

"Anaota, ndiyo. Miguu anaisogeza karibu kabisa, maana anasema joto halifiki."

Hapo ndipo ganzi yangu ilipopata ufa mdogo, na nilichokisikia kupitia ufa ule kilikuwa hofu, ya mtu mwingine. Nikamwambia, "Baba Shija, leo ondoa moto. Kesho mlete kliniki. Mimi nitakuwa kwenye benchi."

"Kesho nina mnada wa ng'ombe. Wiki ijayo, Jumatano."

"Kesho."

"Keshokutwa jioni."

Nilimjua. Ni mnunuzi anayevuta muda akitumaini meza itafungwa. Nimekutana nao miaka kumi na tisa, na mwaka mmoja nilikuwa mmoja wao, siku tisa nzima. Nikauinua mguu nikauweka juu ya goti lake, damu na pengo na vyote.

"Angalia vizuri, halafu nitajie tena siku."

Aliangalia. Mbwa wake mmoja akaja akanusa, akaondoka.

"Kesho," akasema.

Akanibeba kwenye pikipiki yake, aliyoiacha kwa wafyatua tofali, hadi hospitali, na Punguza akakimbia nyuma njia nzima na kamba yake inaburuzwa. Msumari ulikuwa umeingia kidogo. Wakasafisha, wakafunga, na Nesi Leokadia akanichoma sindano ya pepopunda. Kwa hiyo kati ya mbwa kumi na wawili na wenyewe wote waliotoka nyumbani siku ile, aliyechanjwa ni mimi.

Jioni nilimweleza Baba Fide yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi ndiye niliyelisogeza lile jiko."

"Mimi ndiye niliyenyoosha miguu."

"Ningeacha pale nilipoliweka kwanza."

"Ningekuambia miguu haisikii. Sikukuambia."

Kisha akatoka, akarudi na lile jiko, alikuwa amelificha kwenye banda la vifaa vyake muda wote. Akachukua uzi wake wa kunyooshea ukuta na chaki, akapima kutoka kiti changu, akapiga mstari sakafuni. Jiko linakaa ng'ambo ya mstari, kiti kinakaa huku. Mstari ukifutika anaupiga upya. Sipati joto sana. Ila naliona.

Mama Shija alikuja kesho yake, kwa miguu yake, na viatu vya plastiki vilivyobana. Alikaa pembeni yangu, nikasogea makalio mamoja. Alipoitwa nikaingia naye. Nesi akatoa kijiuzi, akamwambia afumbe macho, nami nikaona lile jicho linafumbuka kidogo, linatafuta bega.

"Angalia ukutani, mama," nikamwambia. "Hilo nimeshalijaribu."

Kidonda cha msumari kilipona kwa wiki tatu. Sasa ni mwezi wa tisa, milima imeungua tena, tunazunguka bwawa watu wawili na mbwa wawili, na hakuna anayeuliza habari za chanjo. Sokoni bei yangu haikushuka. Wapo wanaokuja mezani siku hizi na kuvua viatu bila nia ya kununua, wananyoosha nyayo, wanasema, "Mama Fide, hebu angalia." Naangalia bure, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye meza ile.

Kabla ya kupanda tuta tunakaa kwenye rundo la tofali, mimi na Mama Shija, tunavua. Nyayo zako huwezi kuziona vizuri mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja anashika za mwenzake. Tunapitisha mkono ndani ya viatu, tunakung'uta, tunatafuta misumari. Yeye ananihesabu mimi kwanza, kwa sauti, kwa Kisukuma, sielewi ila najua anaposimama. Halafu ni zamu yangu. Naanzia kushoto.

"Kumi," namwambia.

Ananiangalia tu, hajavaa bado. Ameshanizoea.

Narudia. Kumi.

Ndipo anavaa.